PINE IKITOBOKA NJIANI

1. Msumari wa daraja

Ilikuwa saa kumi na mbili ya asubuhi. Baba mmoja wa eneo la Kailo alitoa baisikeli yake nyumbani, ile ambayo sisi huku tunaiita kinga. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa na homa tangu juzi. Usiku ule homa ilizidi, na mwili wake ukatetemeka. Muuguzi wa kijiji alisema: « Mpelekeni Kindu leo. Msingoje kesho. »

Mama alikaa nyuma ya kinga, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitenge. Baba akashika njia. Mnazijua njia zetu: changarawe nyekundu, mchanga, mizizi, na madaraja ya magogo na mbao. Kwenye daraja moja msumari ulikuwa umetokeza ncha yake juu ya ubao. Gurudumu la nyuma likapita juu ya msumari ule. Hakuna aliyesikia kitu. Baada ya muda mfupi baba aliona kinga imekuwa nzito, na nyuma inayumba. Alitazama chini. Pine ilikuwa imelala.

« Nikisimama tutachelewa, » alisema moyoni. Akaendelea kukanyaga. Chuma cha gurudumu kikagonga mawe: ka, ka, ka. Alikwenda hivyo mpaka akaona banda dogo kando ya njia. Mbele ya banda pine za zamani zilikuwa zimetundikwa juu ya mti. Kila msafiri anaijua alama ile: hapa yuko fundi wa pine.

Watoto, wengi wenu mmekwisha kuona banda kama hilo. Leo tutajifunza mambo mawili: pine ikitoboka, msaidizi wa njiani anaweza kufanya nini, na ni kitu gani asichoweza.

2. Mtu kwanza, pine baadaye

Fundi alisimama. Hakuanza kwa kutazama pine. Alimtazama mtoto, akaona macho yake mekundu na midomo mikavu. Wakati ule kijana mmoja alikuwa akipita na kinga isiyo na mzigo, akienda mjini kununua chumvi. Fundi alimwita: « Ndugu yangu, mbebe mama huyu na mtoto wake mpaka mtoni. Baba atawafuata. » Kijana alikubali. Mama alipanda, nao wakaondoka.

Mnajua kwamba mto Lualaba unapita kati ya Kailo na sehemu kubwa ya mji wa Kindu. Watu wanaotoka upande wetu hufika kwanza Alunguli, kisha huvuka maji. Basi baba angengoja pine yake itengenezwe, mtoto angefika mtoni akiwa amechelewa sana. Lakini fundi alitenga mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja: safari ya mgonjwa, na ugonjwa wa kinga. Safari ya mgonjwa haikuweza kungoja. Kinga iliweza kungoja.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kila msaidizi wa njiani. Kabla ya kushika chombo chochote anauliza: Je, yuko mtu aliyeumia? Yuko mgonjwa? Yuko mama karibu ya kuzaa? Je, mahali hapa tuliposimama ni salama? Majibu yakiwa mazuri, ndipo anapoinama juu ya pine.

3. Upepo hubeba mzigo

Pine ya kinga ina sehemu mbili. Nje kuna mpira mgumu unaokanyaga njia. Ndani kuna mpira mwembamba wenye kushika upepo. Huo huitwa shambreri. Shambreri ina mdomo mdogo wa chuma, ambao jina lake ni valvu. Valvu huacha upepo uingie, lakini haiuachi utoke.

Je, ni kitu gani kinachobeba baba, mama, mtoto, au bido mbili za mafuta ya mawese? Siyo ule mpira. Mpira peke yake ni laini. Mwaweza kuukunja kwa mikono. Kinachobeba ni upepo uliosongwa ndani. Upepo ukisongwa mahali padogo, husukuma pande zote na kutaka kutoka. Nguvu ile ya kusukuma ndiyo inayoinua mzigo. Mwaweza kuona jambo hili kwa mpira wa miguu: ukiwa na upepo mwingi unaruka, ukikosa upepo unalala chini kama mfuko.

Sasa tufikiri juu ya pine isiyo na upepo. Mzigo wote unakalia chuma cha gurudumu. Kila jiwe linabana shambreri kati yake na chuma, kama nyama kati ya meno. Tena pine inateleza juu ya chuma na kuvuta shambreri pamoja nayo. Lakini valvu haiwezi kufuata, kwa sababu imeshikwa katika tundu lake. Mwishoni mpira unapasuka pale pale kwenye shina la valvu.

Kwa hiyo shikeni neno hili: pine ikilala, simameni mara moja. Shukeni. Ondoeni mzigo. Kama hamna budi kuendelea, sukumeni kinga polepole kwa mikono, mzigo ukiwa juu ya kichwa au mabegani.

4. Kutafuta tundu

Fundi aligeuza kinga miguu juu. Alichukua vipande viwili vya chuma bapa visivyo na makali, akainua ukingo wa pine na kutoa shambreri. Kisha aliijaza upepo kwa pompi. Mtoto mwenye kupenda kujua agusa mwisho wa pompi baada ya kazi: ataona umepata joto. Upepo unaosongwa kwa nguvu hupata moto.

Baadaye fundi alitia shambreri katika beseni la maji, sehemu kwa sehemu, akiizungusha polepole. Mahali penye tundu mapovu yalipanda juu. Fundi alifuta maji na kuandika alama ndogo. Hakutosheka na tundu moja. Aliendelea mpaka mwisho wa duara, kwa kuwa mara nyingi tundu la kwanza lina ndugu zake.

Kisha alifanya jambo ambalo fundi mvivu hulisahau. Alipitisha kitambaa ndani ya pine yote, akipapasa kidogo kidogo. Kitambaa kilinaswa. Msumari ulikuwa bado mle ndani, umevunjika ncha. Fundi aliutoa kwa koleo. Kama asingeutoa, ungetoboa shambreri tena kabla ya kilima cha pili.

5. Kiraka cha gundi na kiraka cha moto

Viko viraka vya namna mbili.

Cha kwanza ni kiraka cha gundi. Fundi husugua mpira kwa msasa mpaka upoteze mwangaza wake, maana gundi haishiki juu ya mpira mchafu wala wenye kuteleza. Hupaka gundi nyembamba, pana kupita kiraka chenyewe. Halafu hungoja. Mtu asiye na subira huweka kiraka gundi ikiwa bado maji maji, nacho hutoka njiani. Gundi ikikaribia kukauka ndipo kiraka kinawekwa na kugandamizwa kwa nguvu.

Cha pili ni kiraka cha moto. Fundi huweka kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, na kubana vyote kwa chuma chenye parafujo. Mafundi wengi hutumia pistoni ya mashine iliyokufa: hutia petroli kidogo ndani yake na kuiwasha. Joto huyeyusha mpira mbichi na kuushikamanisha na shambreri, mpaka vinakuwa kitu kimoja. Akili hii ilianza na Mmarekani mmoja, Charles Goodyear. Mwaka 1839 aliona kwamba mpira uliochanganywa na kiberiti cha unga na kutiwa motoni haunati tena wakati wa joto, wala haukatiki wakati wa baridi. Lakini watoto wasicheze karibu na moto wa petroli. Hiyo ni kazi ya mtu mzima anayeijua.

6. Fundi anasema kweli

Baba alikuwa akitazama kila kitu. Aliuliza: « Je, nitaondoka sasa hivi? »

Fundi alimwonyesha shambreri. « Tazama, mzee. Hili ni tundu la msumari. Ni dogo, kiraka kimoja kingelitosha. Lakini hapa, na hapa, na hapa chuma kimekata. Na hapa kwenye valvu mpira umepasuka kabisa. Kiraka hakishiki pale, kwa sababu kila ukitia upepo panavutwa. Msumari ulifanya tundu moja. Mengine ulifanya wewe. »

Baba alinyamaza. Aliogopa kupoteza muda wa kutia kiraka, na kwa woga ule alipoteza shambreri nzima. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fundi angeweza kudanganya. Angeweza kubandika viraka vitano, kupokea feza, na kumwacha baba akwame mbele kidogo. Hakufanya hivyo. Kusema kweli ni sehemu ya msaada. Alitafuta shambreri ya zamani iliyo nzima bado, akataja bei yake kabla ya kuifunga. Baba alitoa feza alizokuwa nazo, hazikutosha. Wakapatana kwamba atalipa zilizobaki siku ya kurudi.

7. Pasipo fundi

Mara nyingine pine hutoboka katikati ya msitu, mbali na kila banda. Wasukumaji wa kinga wa Maniema, wanaotembea siku nyingi na mizigo mikubwa, wanajua njia mbili za kujiokoa.

Ya kwanza: kama tundu ni moja nao hawana kiraka, hukunja shambreri mahali palipotoboka na kuifunga kwa nguvu kwa ukanda wa mpira, ili upepo usifike penye tundu.

Ya pili: kama shambreri imekufa, huitoa na kushindilia majani makavu ndani ya pine mpaka ijae. Majani hayana nguvu ya upepo, lakini yanazuia chuma kisikate pine.

Hizi ni njia za kufika kijijini tu. Siyo dawa ya kuponya. Ukizitumia, nenda kwa miguu na kusukuma kinga polepole, usiipande.

8. Pine ya motokari

Motokari na lori zina uzito mkubwa, na kosa dogo laweza kuua. Kwa hiyo dereva mwema hubeba gurudumu la akiba, ufunguo wa nati, na kriki, yaani chombo cha kuinulia motokari. Afanye hivi:

Kwanza, asimamishe motokari mahali pa tambarare, nje ya njia ikiwezekana. Aweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu mengine ili isitembee.

Pili, aweke matawi ya miti juu ya njia, mbele na nyuma, mbali na motokari. Katika nchi yetu kila mwenye kupita akiona matawi anajua: punguza mwendo, mbele kuna matata. Kazi ikiisha, ayaondoe.

Tatu, alegeze nati kidogo magurudumu yakiwa bado chini. Kisha ainue motokari kwa kriki, akiwa ameweka ubao mnene chini yake ili isizame katika udongo.

Nne, abadili gurudumu, akaze nati kwa kuvuka upande huu na upande ule, ashushe motokari, akaze tena. Baada ya mwendo kidogo asimame, azipime tena.

Mtu asiingie kamwe chini ya motokari iliyoinuliwa kwa kriki tu. Nanyi watoto mnaopenda kuzunguka lori lililokwama, kaeni mbali. Kriki huteleza bila kumwonya mtu.

Motokari nyingi za siku hizi hazina shambreri. Tundu dogo mahali panapokanyaga njia, fundi huliziba kwa kuingiza uzi mnene wa mpira toka nje. Lakini pine iliyopasuka ubavuni haina matumaini, kwa maana ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka. Hapo msaada ni kubadili gurudumu, au kuvuta motokari mpaka kwa fundi.

9. Pine zilitoka wapi?

Zamani magurudumu yalikuwa ya mbao na chuma, au ya mpira mzima usio na upepo. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, daktari wa wanyama jina lake John Boyd Dunlop alipata hati ya pine yenye upepo. Alikuwa ameitengenezea kinga ndogo ya mtoto wake yenye magurudumu matatu.

Lakini pine zile zilibandikwa kwa gundi juu ya gurudumu. Mwaka 1889 msafiri mmoja wa baisikeli alifika kwenye kiwanda cha ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, pine yake imetoboka. Ilihitaji saa nyingi kuifungua na kuitengeneza, na usiku mzima kukausha gundi. Ndugu wale wakafikiri: dawa ya pine ni kuweza kufunguliwa upesi. Mwaka 1891 walitoa pine ya namna hiyo. Ndiyo sababu fundi wetu anaweza leo kumaliza kazi yake mgeni akiwa amekaa kivulini.

Mpira wa pine hizo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo. Toka 1885 hata 1908 nchi hii ilikuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Watu wa vijiji walilazimishwa kukata mitamba ya porini na kuleta utomvu wake. Walioleta kidogo walipigwa, walifungwa, wengine waliuawa. Mtu anayeshika pine mkononi ajue kwamba babu zetu walilipa kitu hiki kwa damu yao.

10. Vyama vya wasaidizi

Katika nchi nyingine wenye motokari wameunda vyama vya kusaidiana. Marekani chama kimoja kikubwa kilianzishwa Chicago mwaka 1902. Uingereza kingine kilianza mwaka 1905. Watumishi wake wa kwanza walipanda baisikeli. Kwanza waliwaonya madereva juu ya polisi waliovizia wakimbiaji. Baadaye wakawa wasaidizi wa motokari zilizoharibika. Kenya nayo ina chama chake, ambacho asili yake ni mwaka 1919. Mwanachama hulipa feza kila mwaka. Akikwama hupiga simu, na msaidizi huja na vyombo vyake.

Je, msaidizi yule hufanya maajabu? Hapana. Hufanya yale aliyofanya fundi wa banda: hutazama kwanza watu, huziba tundu linalozibika, hubadili gurudumu, au huvuta motokari mpaka mahali pa kutengenezea. Kama pine imekufa, naye husema imekufa.

Huku kwetu simu haishiki kila mahali, na motokari ni chache. Chama chetu hakina ofisi. Wanachama wake ni fundi wa banda, kijana mwenye kinga isiyo na mzigo, na kila mtu anayesimama badala ya kupita.

11. Kurudi

Baba alifika mtoni mchana, akavuka. Mjini alimkuta mama ameketi kando ya kitanda. Wauguzi walikuwa wamekwisha kumpa mtoto dawa ya malaria. Siku ya tatu homa ilishuka, na mtoto akaomba wali.

Walipokuwa wakirudi, baba alisimama kwenye banda na kulipa deni lake. Walipofika kwenye lile daraja, alishuka kwenye kinga. Aliinama juu ya ubao mpaka akaona kipande cha msumari. Alitafuta jiwe gumu, akakipiga mpaka kikazama ndani ya mti. Kisha alipitisha kidole juu yake, kama fundi alivyopapasa pine, akaendelea na safari.

MASWALI

1. Kwa nini fundi alimtazama mtoto kabla ya pine?
2. Ni kitu gani kinachobeba mzigo ndani ya pine?
3. Eleza kwa nini shambreri hupasuka karibu na valvu mtu akipanda kinga iliyolala.
4. Fundi hutumia maji kwa kazi gani?
5. Matawi ya miti juu ya njia yana maana gani? Kwa nini yaondolewe baadaye?
6. Baba alifanya kosa gani, na alilipa nini kwa kosa lile?
7. Katika njia ya kijiji chenu kuna msumari, shimo au ubao uliolegea? Mwaweza kufanya nini?